Vermut ya Jumapili Katalonia: bodega ya Barcelona, Reus, Vilassar de Mar au nyumbani?

Nina miaka kumi na moja Barcelona, na wageni kutoka Tanga na Dar hawakatiki, hasa majira ya joto. Swali lao ni moja: "Jumapili moja tu tunayo, hiyo vermut tukainywe wapi?" Nimewapeleka watu wangu karibu kila mahali panapofaa, na majibu yangu yamekuwa yakibadilika kulingana na mtu. Hapa nayaweka yote pamoja, mahali kwa mahali, ili anayekuja achague mwenyewe.

Kwanza jina lisikupoteze. Wakatalani husema "fer el vermut", yaani kufanya vermut. Ni kipindi cha siku kabla ya kuwa kinywaji: kuanzia kama saa sita mchana hadi saa nane, Jumapili hasa. Zamani watu walikwenda wakitoka misani. Siku hizi wengi hutoka kitandani. Unakaa na watu wako, glasi moja au mbili, zeituni, krispi, samaki wa chumvi kidogo, halafu mnakwenda kula chakula cha mchana. Anayekunywa bia au maji naye atakwambia amefanya vermut, na hakuna atakayembishia.

Kinywaji chenyewe ni divai iliyoongezwa kilevi na kulowekwa mitishamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka divai isipungue asilimia 75, nguvu ya kilevi ianzie asilimia 14.5 na isifike 22, na lazima kuwe na mmea wa jamii ya Artemisia. Huyo ndiye pakanga wetu. Waliosoma Ufunuo wanaikumbuka nyota chungu yenye jina hilo. Neno vermut nalo limetokana na Wermut, pakanga kwa Kijerumani. Humo pia hutiwa maganda ya machungwa, mdalasini, karafuu, kila kiwanda na siri yake. Shangazi yangu aliinusa mara ya kwanza akasema, "Mwanangu, hii si kama dawa ya bibi yako?" Alikuwa sahihi. Uchungu wake ndio unaofungua tumbo.

Na hapo ndipo uchaguzi wote unapoanzia. Kabla hujauliza ni baa gani nzuri, jiulize utakula wapi chakula cha mchana. Mwaka wangu wa pili hapa nilimchukua shemeji yangu, tukaingia baa moja yenye sifa upande wa pili wa mji, tukaagiza kila tulichokiona ukutani. Tulikuwa tumealikwa chakula na mama mwenye nyumba wangu. Tulifika saa tisa kasorobo, tumeshiba, na mezani kulikuwa na canelons, yaani tambi pana zilizosokotwa na nyama ndani, alizoanza kuzitengeneza tangu jana yake, kila moja ameisokota kwa mkono. Hakusema neno. Alituangalia tunavyosukuma chakula kwenye sahani, akaondoa vyombo. Tangu siku ile nimeelewa kwamba vermut ni mlango wa chakula cha mchana, na mlango haujengwi mbali na nyumba.

Bodega za Barcelona

Bodega asili yake ni duka la divai la mtaani: mapipa nyuma ya kaunta, watu wakija na chupa zao kujaziwa. Nyingi zilikuja kuongeza meza tatu nne na sahani za vitafunio. Miaka ya themanini na tisini mtindo huu ulififia, vijana wakaiona vermut kuwa kinywaji cha wazee. Kisha kuanzia miaka ya 2010 ukarudi kwa kishindo, na sasa utakuta vijana wa miaka ishirini na tano wamebanana na babu zao kwenye kaunta moja. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika bodega ya Barcelona. Ukitaka kuona watu, hakuna panapoishinda.

Mitaa ya kutafuta ni Gràcia, Poble-sec, Sant Antoni na Barceloneta. Quimet & Quimet pale Poble-sec ipo tangu 1914, chumba kidogo chenye chupa hadi darini, na watu hula wamesimama; umaarufu wake ni vipande vya mkate vilivyopangwa juu yake vitu vya kopo kwa ufundi wa ajabu. La Cova Fumada, Barceloneta, haina hata kibao mlangoni. Imekuwepo tangu 1944, na ndiko inakosemwa kuwa bomba ilizaliwa. Bomba ni donge la viazi lenye nyama ndani, limekaangwa, likamwagiwa mchuzi mkali na allioli ya vitunguu saumu. Mtu wa pwani akiiona atasema katlesi, na ni kweli wanafanana sana, ila uliza nyama kabla hujauma, maana mara nyingi huchanganywa na ya nguruwe. Karibu na hapo kuna Bar Electricitat, ya tangu 1908, na kule mtaa wa kale wa Gothic kuna La Plata, ya 1945, ambayo kwa miaka yote hii imeng'ang'ania sahani chache tu, na samaki wadogo wa kukaanga ndio wanaowavuta watu.

Tahadhari ya kwanza: kadhaa kati ya hizi kongwe na maarufu hufungwa Jumapili. Angalia siku zao kabla hujapanda metro. Ya pili: meza za nje mara nyingi hutozwa nyongeza, na katika mitaa ya watalii bei hupanda bila ladha kupanda. Glasi ya vermut kwa kawaida ni euro 3 hadi 5. Kinachokula pesa ni vitafunio, hasa vya kopo, na hili linataka maelezo yake.

Kwetu chakula cha kopo ni cha safari au cha mwisho wa mwezi. Hapa ni kinyume kabisa. Chaza wadogo wa mchangani, wanaoitwa escopinyes, wakitoka kwenye ghuba za Galicia na kufungwa kwenye kopo kwa mkono, mmoja mmoja, huuzwa kwa bei inayoweza kukufanya urudishe kopo rafuni. Kwenye kopo huandikwa idadi, mathalani 30/40, yaani mna kati ya chaza 30 na 40. Idadi ikipungua chaza ni wakubwa, na bei inapanda. Kuna kome wa siki na pilipili tamu, kuna navalles warefu kama wembe wa kinyozi. Na kuna anxova, samaki wa chumvi aliyekaa miezi kwenye pipa kabla ya kusafishwa na kuwekwa mafuta. Wanaosifiwa zaidi Katalonia ni wa L'Escala. Huyu ni wa ukoo mmoja na dagaa mchele wa Zanzibar. Samaki yuleyule akiwekwa siki badala ya chumvi anaitwa boqueró, naye ni mweupe na laini. Mgeni akiniuliza aagize nini na pesa zake ni chache, jibu langu ni zeituni zilizojazwa anxova na krispi. Pesa zikiwepo, kopo moja zuri la escopinyes kwa watu wanne linatosha. Kila mtu anachukua kwa kijiti, anasubiri zamu yake.

Ukilinganisha na sehemu nyingine nitakazozitaja, bodega ya Barcelona inashinda kwa uhai na kwa uchaguzi wa vitafunio. Inashindwa kwa nafasi. Mwenye watoto wadogo au mzee asiyeweza kusimama saa nzima atateseka. Na kama chakula chako cha mchana kiko hoteli ya katikati ya mji, chagua bodega ya mtaa unaoweza kutembea kwa miguu hadi mezani kwako, hata kama haina jina. Bodega isiyo na jina, yenye wazee wanaobishana kuhusu mpira na pipa lenye bomba la mbao, imenipa Jumapili nzuri kuliko baa nyingi zilizoandikwa magazetini.

Reus

Kama kinachokuvuta ni kinywaji chenyewe, acha Barcelona. Panda treni ya kwenda Reus, mwendo wa kama saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi kidogo.

Vermut kama tunavyoijua haikuzaliwa huku. Ilianzia Turin, Italia, ambako Antonio Benedetto Carpano alianza kuiuza mwaka 1786. Lakini Reus ilikuwa na kila kitu cha kuipokea. Karne ya 18 mji huu ulikuwa soko kubwa la pombe kali ya zabibu, hata watu wa hapa hadi leo husema "Reus, París i Londres", kwa kuwa bei ya pombe hiyo ilipangwa katika miji hiyo mitatu. Mashamba ya zabibu nyeupe yalikuwa yanaizunguka, wafanyabiashara walikuwepo, mapipa yalikuwepo. Mtindo wa Italia ulipowafikia waliuchukua wakaufanya wao. Yzaguirre ilianzishwa 1884, na sasa kiwanda chake kiko El Morell, kijiji cha jirani. Hupokea wageni kwa kuweka nafasi mapema. De Muller ni ya 1851 na ndiyo inayotoa vermut ya Iris. Miró nayo ni ya hapo hapo. Mtu wa Reus akikuuliza "wewe ni wa ipi?" anamaanisha mojawapo ya hizi, na jibu lake mwenyewe alilirithi kwa baba yake.

Mjini kuna Museu del Vermut, iliyofunguliwa 2014: mgahawa na makumbusho kwa pamoja, ndani ya jengo la mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zimejaa chupa, mabango na visaga mitishamba vya zamani. Unaweza kuonja aina kadhaa kwa glasi ndogo, na hili huwezi kulifanya kwa urahisi kwenye bodega ya Barcelona yenye pipa moja. Ndipo nilipotambua kwamba vermut nyekundu nayo hutengenezwa kwa divai nyeupe. Rangi ni ya karameli. Nilikuwa nimeinywa miaka mitatu nikiamini ni zabibu nyekundu.

Vitafunio vya Reus ni vichache na vya nchi kavu zaidi: zeituni ndogo za arbequina, mafuta ya zeituni ya Siurana juu ya mkate, na hazelnuti, ambazo Reus inazo zenye jina linalolindwa kisheria. Njugu hizo zikichomwa na chumvi, pembeni ya vermut ya akiba iliyokaa mwaka kwenye pipa, zinanitosha bila kopo lolote. Ila mpenda vya bahari ataiona meza ya Reus kuwa pungufu kuliko ya Barceloneta.

Baada ya hapo una mji mtulivu wa kutembea. Gaudí, mbunifu wa majengo, alizaliwa huku 1852, ingawa hakuacha jengo lolote mjini. Majumba ya kuvutia ni ya mbunifu mwenzake, Domènech i Montaner, kama Casa Navàs kwenye uwanja wa Mercadal. Gaudí na vermut walikutana Barcelona: mwaka 1902 alishiriki kupamba Cafè Torino kwenye Passeig de Gràcia, mkahawa uliofunguliwa kuitangaza vermut ya Martini. Haupo tena.

Kasoro ya Reus ni siku inayomezwa. Ukienda, kula huko huko mchana. Usijaribu kurudi Barcelona kwa chakula cha saa tisa. Utakuwa umelipia treni ili uwe na haraka.

Vilassar de Mar

Hapa ninapapenda kwa sababu ambayo si rahisi kuieleza mpaka uwe ndani ya treni. Njia ya R1 inapita kando kabisa ya bahari, dirisha limejaa maji, na kwa mtu aliyekulia Tanga nusu saa hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Ukishuka Vilassar unatembea hadi Espinaler, kilabu kilichoanza 1896. Ndio wenye ule mchuzi mwekundu wa siki, pilipili tamu na viungo ambao sasa uko kila nyumba ya Katalonia. Unamwagwa juu ya krispi, juu ya chaza, juu ya zeituni. Wana makopo yao wenyewe, na utayapata papo hapo ukitaka kubeba.

Ikilinganishwa na Barcelona, bei za vitu vizuri ni za haki zaidi na watoto wana ufuo wa kukimbilia. Ikilinganishwa na Reus, vermut yenyewe ni ya kawaida. Hakuna cha kujifunza kuhusu pipa. Hujaa sana wikiendi, kwa hiyo fika saa sita kamili. Familia yenye watoto, ambayo itakula samaki au wali karibu na bahari baadaye, nisingeipeleka mahali pengine.

Nyumbani

Wageni wengi huliona chaguo hili la mwisho, la wenye uchovu. Wakatalani hawalioni hivyo. Kwa Jumapili nyingi za mwaka, vermut hufanyika nyumbani, jikoni au kibarazani, wakati mwenye zamu ya kupika anachungulia sufuria.

Unahitaji chupa moja ya vermut nyekundu ya Reus, iliyokaa friji tangu jana yake, barafu, kipande cha chungwa, zeituni moja kwenye kila glasi. Na sifó, ile chupa nene ya maji ya soda yenye kishikio cha kubonyeza, ambayo huwekwa mezani kila mtu ajipimie. Mshindo mmoja mfupi unatosha. Ukizidisha umeigeuza soda. Chupa ikishafunguliwa irudi friji na imalizike ndani ya wiki chache, maana ni divai, inachoka.

Wanaobishana kuhusu pipa na chupa huwa wanasahau jambo moja. Ya pipa ni nzuri pale inapouzwa haraka; pipa la bodega yenye watu huwa jipya kila wiki, na ladha yake ina ukali fulani wa mitishamba ambao naupenda. Pipa la mahali pasipo na wateja ni afadhali uliache. Chupa ni ileile daima. Kwa anayeanza, nyekundu ni tamu na ina viungo vingi, inamudu anxova na zeituni. Nyeupe ni nyepesi, yenye harufu ya maua na ndimu, nami huitoa kwa boquerons na kome. Wengi wa wageni wangu kutoka pwani, waliozoea kahawa chungu na kashata, wameipenda nyekundu papo hapo.

Wasiotumia kilevi

Nusu ya watu wangu ni Waislamu, na wako ambao hawanywi kwa sababu nyingine. Nimewaona wakisita mlangoni wakidhani hakuna nafasi yao. Ipo. Omba mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa, yenye barafu, chungwa na zeituni. Kwa macho huwezi kuitofautisha sana na vermut. Anayetaka uchungu aombe bíter sense alcohol, yaani bíter isiyo na kilevi, nyekundu kama damu ya mzee, chungu kwelikweli. Vermut zisizo na kilevi nazo zimeingia sokoni, ila asiyetaka kabisa athibitishe kwa kusoma chupa. Kwa chakula, epuka soseji kavu za fuet na llonganissa, zote ni za nguruwe, na uliza kuhusu bomba kama nilivyosema. Zeituni, krispi, kome, chaza na anxova havina tatizo hilo.

Ila kwa mtu ambaye hataki hata kukaa penye mapipa, na wapo, nyumbani ndiko kunakofaa, na hapo silinganishi tena na Reus wala Barceloneta. Mama yangu alipokuja tulifanya hivyo. Mama mwenye nyumba wangu, yule wa canelons, alishuka na sahani ya escopinyes na chupa ya mosto mkononi. Alikuwa ameuliza mapema mgeni anakunywa nini. Wawili hao hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Walikula chaza kwa kijiti, mmoja mmoja, kwa zamu. Saa nane ilipogonga akasimama, akamwonyesha mama ngazi za kwenda juu kwake, ambako wali wa samaki ulikuwa tayari mezani, nasi tukaziacha glasi zikiwa nusu tukamfuata.